Kuchagua vifaa vya kompyuta kubwa ya gemu ukiwa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudiwa na wakazi wa Mwanza na wilaya jirani za kandokando ya Ziwa Victoria wanaotaka kuunda kompyuta yenye nguvu ya kuchezea gemu. Yameanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Kila jibu linajitegemea. 

## Kabla ya kununua

Nianze kuchagua kifaa gani?

Anza na monita, kwa kuwa ndiyo inayopanga kazi ya vifaa vingine vyote. Monita ya 1920 × 1080 ina nukta zinazozidi milioni 2 kidogo. Ya 2560 × 1440 ina nukta karibu milioni 3.7; na ya 4K, yaani 3840 × 2160, ina nukta karibu milioni 8.3, ambazo ni mara nne ya zile za kwanza. Kadi ya picha hulazimika kuzichora nukta hizo upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo wa picha za gemu, kwa hiyo anayetaka fremu 120 kwa sekunde kwenye 4K anahitaji kadi ya daraja la juu sana kuliko anayetaka idadi hiyohiyo ya fremu kwenye 1080.

Kwa maoni yangu, monita ya 1440 yenye Hz 144 (mara ambazo kioo hubadilisha picha kwa sekunde) au zaidi ndiyo chaguo bora kwa wengi, hata kwa mwenye fedha za kutosha, kwa sababu picha yake ni safi, kadi ya daraja la kati-juu huimudu kwa miaka kadhaa, na umeme unaotumika hauwi mzigo. Ukishaamua monita, chagua kadi ya picha inayoifaa, kisha prosesa (ubongo wa kompyuta) inayoweza kuilisha kadi hiyo, ndipo ufuate madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), RAM (kumbukumbu ya muda) na hifadhi.

Nigawe vipi bajeti yangu?

Ushauri ninaousisitiza kwa kila anayeuliza ni huu: tenga kwanza fedha za pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), UPS (betri ya dharura umeme ukikatika) na kinga ya umeme, kisha kinachobaki ndicho ugawie kadi, prosesa na vingine. Watu wengi hufanya kinyume. Hununua kadi ghali, wakabaki na fedha kidogo, wakachukua pawa saplai isiyo na jina, na mashine yote ikawa inategemea kifaa dhaifu kuliko vyote. Ukishuka daraja moja la kadi utapoteza sehemu ya fremu tu. Pawa saplai mbovu ikiungua yaweza kuondoka na kadi, madabodi na hifadhi kwa pamoja.

Baada ya kutenga fedha hizo, si ajabu kadi ya picha kuchukua theluthi moja hadi karibu nusu ya kilichobaki. Prosesa isizidi nusu ya bei ya kadi, isipokuwa kama unaitumia mashine pia kwa kuhariri video au kazi nyingine nzito.

Je, laptop ya gemu haifai zaidi kwa mazingira yetu?

Kwa mwanafunzi anayehama hama, kwa mfano wa SAUT kule Malimbe, inafaa, na ina faida moja kubwa: betri yake hufanya kazi ya UPS. Hata hivyo usidanganywe na majina. Kadi ya picha ya NVIDIA iitwayo RTX 5090 ya laptop ina GB 24 za kumbukumbu na hupangiwa wati 95 hadi 150 kama kiwango cha msingi, ilhali RTX 5090 ya kompyuta ya mezani ina GB 32 na hufikia wati 575. Hizo ni kadi mbili zenye uwezo tofauti kabisa. Isitoshe, laptop huwezi kuibadilishia kadi.

## Kadi ya picha

Kadi ipi inafaa kwa kila aina ya monita?

Kwa 1440 yenye fremu nyingi, RTX 5070 Ti ya NVIDIA yenye GB 16 na RX 9070 XT ya AMD yenye GB 16, zote za mwaka 2025, zinatosha kabisa. Zote mbili hutumia takribani wati 300. RTX 5070 yenye GB 12 na wati 250 huweza kazi hiyo pia, ila kumbukumbu yake itaanza kubana mapema. Kwa 4K, RTX 5080 yenye GB 16 na wati 360 ndiyo pa kuanzia kwa anayetaka mipangilio ya juu, na RTX 5090 ndiyo kilele. Kwa 1080 hakuna haja ya kadi yoyote kati ya hizi, isipokuwa kwa mchezaji wa mashindano anayetafuta fremu 240 na kuendelea, na huyo faida yake kubwa iko kwenye prosesa.

Binafsi sioni sababu ya mkazi wa hapa kununua RTX 5090 kwa ajili ya gemu peke yake. Joto lake, umeme wake na ukubwa wa UPS inayohitajika hupandisha gharama mbali na bei ya kadi yenyewe.

Kumbukumbu ya kadi ni muhimu kiasi gani?

Ni muhimu sana, na tatizo lake huonekana ghafla. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, gemu haipungui kasi polepole. Huanza kukwamakwama, picha za kuta na ardhi zikabaki na ukungu, na fremu zikaruka. GB 8 hazitoshi tena kwa mashine inayoitwa ya daraja la juu. Chukua GB 16.

DLSS na FSR ni nini, na je, vinaweza kufidia kadi ndogo?

Ni njia za kuichora picha kwa nukta chache kisha kuikuza, mara nyingi kwa msaada wa akili mnemba, ili ionekane kama imechorwa kwa ukubwa kamili. DLSS ni ya NVIDIA, FSR ni ya AMD, na FSR 4 imetengenezwa kwa ajili ya kadi za RX 9000. Ukuzaji huu husaidia kweli, hasa kwenye 4K. Kinachopaswa kutazamwa kwa uangalifu ni uzalishaji wa fremu za katikati, yaani kubuni fremu za ziada kati ya zile halisi: namba inayoonekana kwenye kona ya kioo huongezeka, lakini mwitikio wa kipanya hauongezeki kwa kadiri hiyo. Gemu inayoenda kwa fremu 25 halisi itabaki nzito mkononi hata kama kioo kinaonyesha 90.

Ninunue kadi iliyotumika?

Unaweza, ikiwa utaiona ikifanya kazi. Omba ipachikwe kwenye kompyuta mbele yako, ichezeshwe gemu nzito kwa angalau nusu saa, na joto lake litazamwe. Fungua programu ya GPU-Z, ambayo huonyesha chipu halisi na hutoa onyo inapotambua kadi ya zamani iliyobadilishwa programu ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Kagua skrubu kama zimechubuliwa, na angalia pini za dhahabu za kadi pamoja na tundu la umeme kama kuna plastiki iliyobadilika rangi. Muuzaji anayekataa kadi ijaribiwe, achana naye.

## Prosesa, madabodi na RAM

Prosesa ipi ni bora kwa gemu kwa sasa?

Kwa gemu pekee, Ryzen 7 9800X3D ya AMD, iliyotoka Novemba 2024, ni vigumu kuipita. Ina koa (viini vya kazi) 8 na MB 96 za kashe ya ngazi ya tatu, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa, na kashe hiyo kubwa ndiyo siri yake, kwa kuwa prosesa haisubiri data kutoka kwenye RAM mara kwa mara. Ryzen 7 7800X3D ya 2023 inaifuata kwa karibu, na ukiipata kwa bei nafuu usiiache. Ryzen 9 9950X3D yenye koa 16 humfaa anayehariri video au kutengeneza michoro ya 3D. Kwa mchezaji wa kawaida, koa zile za ziada hukaa bila kazi.

Core Ultra 9 285K ya Intel ni nzuri kwa kazi za ofisini na za uhariri, lakini kwenye gemu nyingi huachwa nyuma na 9800X3D.

Nimepata Core i9 ya kizazi cha 13 au 14 kwa bei nzuri. Niichukue?

Uwe mwangalifu. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba sehemu ya prosesa za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zikiharibika taratibu kwa sababu ya kupewa volti kubwa kupita kiasi, ikatoa marekebisho kupitia BIOS (programu ya msingi ya madabodi) na kuongeza miaka miwili kwenye dhamana. Marekebisho huzuia madhara mapya. Prosesa iliyokwisha kudhurika haiponi. Ikiwa imetumika bila BIOS kusasishwa, huwezi kujua imechoka kiasi gani. Kwa mnunuzi wa Mwanza ambaye hana njia rahisi ya kudai dhamana, naona afadhali kuiacha.

Madabodi ghali huongeza fremu?

Hapana. Madabodi ya bei ya kati na ile ghali kuliko zote zitakupa fremu zilezile kwa prosesa na kadi zilezile. Unacholipia ni matundu zaidi ya SSD, mtandao wenye kasi, na mfumo wa umeme unaostahimili prosesa kubwa. Kwa 9800X3D, madabodi ya B650 au B850 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika inatosha. Soketi yake ni AM5, ambayo AMD imeahidi kuiendeleza angalau hadi 2027, kwa hiyo ipo nafasi ya kubadilisha prosesa baadaye bila kubadilisha madabodi.

Tafuta madabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila kuhitaji prosesa. Madabodi iliyokaa dukani tangu kabla ya 9800X3D haiwezi kuitambua mpaka isasishwe, na kitufe hicho hukuepusha na safari ya kutafuta prosesa ya kuazima.

RAM kiasi gani, na ya kasi gani?

GB 32 kwa vijiti viwili vya GB 16. Kwa AM5, DDR5 (kizazi cha RAM) ya kasi ya 6000 yenye CL30 (kipimo cha kuchelewa kwake) ndiyo inayopatana vyema na prosesa. Epuka vijiti vinne: kwenye DDR5 huilazimisha prosesa kushusha kasi, na mara nyingine mashine hukataa kuwaka. Bei za RAM zilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinazihudumia kwanza seva za akili mnemba, hivyo ulizia bei ya siku hiyo kabla ya kupanga bajeti.

Ukishafunga, ingia kwenye BIOS uwashe EXPO, au XMP kwa upande wa Intel, yaani mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili. Usipofanya hivyo RAM ya 6000 itafanya kazi kwa 4800 na hutaambiwa. Sasisha BIOS kwanza kabla ya kuwasha EXPO, kwa sababu mwaka 2023 baadhi ya prosesa za X3D ziliungua kutokana na volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM) kuzidi, na AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 katika matoleo ya BIOS yaliyofuata.

## Hifadhi

SSD ya PCIe 5.0 ina maana yoyote kwa gemu?

Kidogo sana. PCIe ni njia ya data kati ya SSD na madabodi, na NVMe ni aina ya SSD inayoitumia. SSD ya NVMe ya PCIe 4.0 husoma hadi karibu MB 7,000 kwa sekunde na ya 5.0 hukaribia mara mbili yake, lakini muda wa gemu kufunguka hupishana kwa kiasi ambacho mchezaji hatakihisi. Ile ya 5.0 pia hupata joto zaidi. Nunua ya 4.0, na tofauti ya bei uiweke kwenye ukubwa.

Ukubwa hapa kwetu una thamani ya pekee. Gemu moja kubwa inaweza kuzidi GB 100, na kwa intaneti ya Mbps 20 isiyokatika, GB 100 hupakuliwa kwa takribani saa 11. Ukilazimika kuifuta gemu ili upate nafasi, utailipia tena kwa bando au kwa usiku mzima wa kusubiri. TB 2 ni kiwango cha busara.

## Umeme

Pawa saplai ya wati ngapi inanitosha?

Kwa mapendekezo ya NVIDIA yenyewe, RTX 5070 huhitaji wati 650, RTX 5070 Ti wati 750, RTX 5080 wati 850 na RTX 5090 wati 1,000. Yafuate, wala usipunguze. Kadi za kisasa hurusha mahitaji yao juu kwa muda mfupi mno, na pawa saplai isiyostahimili hujizima katikati ya gemu ingawa wastani wa matumizi uko chini. Kiwango cha ATX 3.0 na 3.1 kiliwekwa kwa kuzingatia mruko huo. Chukua yenye kiwango hicho, yenye cheti cha ufanisi wa umeme cha 80 Plus Gold, na yenye dhamana ndefu kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana.

Ile plagi ndogo ya pini 16 inayopeleka umeme kwenye kadi ni hatari kweli?

Kwa kawaida ni salama ikichomekwa hadi mwisho. Tangu RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022 kumekuwa na visa vya plagi hiyo kuyeyuka, na sababu mojawapo iliyothibitika ni kuchomekwa nusu. Plagi hubeba hadi wati 600 kupitia pini nyembamba, hivyo mgusano ukiwa hafifu joto hupanda haraka. Toleo lililorekebishwa linaitwa 12V-2x6, na pini zake za kutambua muunganisho ni fupi zaidi ili kadi isipokee umeme mwingi plagi ikiwa haijaingia sawasawa.

Unapofunga, sukuma mpaka pasionekane mwanya wowote kati ya plagi na tundu, mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni, kisha uvute waya kidogo kuhakikisha umeshika. Acha waya unyooke kwa sentimita chache kabla ya kuukunja, na kabla ya kununua kasha pima nafasi iliyopo kati ya kadi na kioo cha ubavuni, kwa sababu kasha jembamba huukandamiza waya papo hapo unapotoka kwenye plagi.

UPS ya ukubwa gani?

Soma wati, usisome VA (volti-ampea) pekee. UPS ndogo ya VA 650 inayouzwa karibu kila duka la kompyuta mjini kwa kawaida hutoa chini ya wati 400, wakati kompyuta yenye RTX 5070 Ti na 9800X3D, pamoja na monita, inaweza kuvuta karibu wati 500 gemu inapokuwa nzito. Umeme ukikatika, UPS hiyo italia mara moja na kuzima kila kitu. Kwa mashine ya namna hiyo tafuta VA 1500 yenye wati 900 hivi. Kwa RTX 5090 vuka VA 2000.

Jambo la pili ni umbo la wimbi. UPS za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi kamili (pure sine wave), na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazipatani nalo: UPS inahamia kwenye betri, na kompyuta inazima papo hapo. Nunua yenye wimbi kamili. Kumbuka pia kwamba UPS haikusudiwi kukuwezesha kuendelea kucheza. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima.

Friji gadi haitoshi?

Inasaidia kuliko kutokuwa na chochote, kwa sababu hukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiwango, na umeme unaporudi husubiri kidogo kabla ya kuuruhusu. Wakati huo wa kurudi ndio wenye madhara mengi. Pawa saplai nzuri inayokubali volti 100 hadi 240 hustahimili umeme mdogo vizuri kabisa. Kinachoiumiza ni mruko. Ila friji gadi haihifadhi kazi yako na haina kasi ya kuzuia radi.

Kuhusu radi, bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi Afrika, na hakuna kifaa cha dukani ninachokiamini mbele ya radi iliyopiga nguzo ya karibu. Mawingu yakijikusanya juu ya ziwa, chomoa plagi ukutani, na chomoa waya wa intaneti pia, maana wengi huusahau nao huleta umeme hadi kwenye madabodi.

Nikigusa kasha linanipiga shoti kidogo. Kompyuta ni mbovu?

Mara nyingi kompyuta ni nzima. Nyumba haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Kichujio kilichomo ndani ya pawa saplai hupeleka mkondo mdogo kwenye bati la kasha, na mkondo huo hutakiwa kuondoka kupitia waya wa ethi. Waya huo usipofika ardhini, bati hubaki na umeme unaousikia kwenye vidole, na vifaa vyenye waya za USB na HDMI huwa hatarini kila unapovichomeka.

Mwanza tatizo hili lina sura yake. Nyumba za kwenye vilima vya mawe, kama Bugando, Isamilo au Mabatini, zimekaa juu ya miamba, na fimbo ya shaba ya ethi haizami kirahisi. Kuna mahali ilizama kidogo ikakatwa juu, na soketi zikaonekana zina pini tatu ilhali ya tatu haina kazi. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime. Anaweza kutafuta sehemu yenye udongo wa kutosha au kulaza waya wa shaba kwa urefu ardhini. Usiunganishe ethi na waya wa nyutro, wala usivunje pini ya ethi kwenye plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya pini mbili.

Itakula uniti ngapi za LUKU?

Kompyuta na monita zinazovuta wati 600, zikitumika saa 4 kwa siku, hula uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Kwa kaya iliyo kwenye kundi la D1 la watumiaji wadogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, kompyuta peke yake inakaribia kukimaliza, kabla ya friji, taa na pasi. Hesabu hii ifanyike mapema na wenye nyumba, hasa kwa wanaochangia mita.

Matumizi hupungua sana ukishusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80 kwa programu ya mtengenezaji. Fremu zinazopotea kwa kawaida ni chache kuliko umeme unaookolewa, na joto la chumba hupungua pamoja nao.

## Joto, vumbi na wadudu wa ziwani

Kipoza joto cha maji au cha feni?

Cha feni, kwa karibu kila mtu. Kipoza joto kikubwa chenye minara miwili humudu 9800X3D bila taabu, na sehemu pekee inayoweza kufa ni feni, ambayo hubadilishwa kwa fedha kidogo. Cha maji kina pampu. Ikifa, mashine inasimama hadi kingine kifike kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Kinafaa zaidi kwa prosesa zenye koa nyingi zinazofanya kazi nzito kwa saa nyingi.

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa takribani asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Hewa nyepesi hubeba joto pungufu kidogo, hivyo usishangae joto la mashine yako likiwa juu kwa nyuzi chache kuliko ulivyosoma. Chumba chenye nyuzi 30 nacho huongeza takribani nyuzi 8 juu ya vipimo vilivyofanyika kwenye chumba cha nyuzi 22.

Kasha la aina gani linafaa hapa?

Lenye wavu mbele, vichujio vinavyochomoka bila kufungua skrubu, na feni za kuingiza hewa zinazozidi za kutoa. Feni za kuingiza zikizidi, hewa hutoka kupitia mianya badala ya kuingia humo, na vumbi hubaki kwenye kichujio.

Vumbi la kiangazi kila mtu analijua. Wadudu wa ziwani ndio wanaosahaulika. Wanapoibuka huonekana kwa mbali kama nguzo za moshi juu ya maji, na usiku hufuata mwanga. Kwa anayekaa Kirumba, Pasiansi au Nyegezi, akiacha dirisha wazi huku monita na taa za rangi za kasha zikiwaka, asubuhi atakuta kichujio cha mbele kimefunikwa na tabaka laini la kijivu la mabawa na miili midogo, na feni zinavuma kwa nguvu bila kupitisha hewa. Weka nyavu madirishani, zima taa za kasha usiku wa wadudu, na usafishe kichujio mara wanapopita. Wakishalowa unyevu hugandamana, na kuwatoa kwenye mapezi ya kipoza joto ni kazi ya brashi na uvumilivu. Unapopuliza kwa upepo, shikilia feni isizunguke.

## Kununua na kusafirisha

Ninunue Mwanza, Kariakoo, au niagize nje?

Vifaa vinavyokufa mara nyingi, yaani UPS, pawa saplai na monita, nunua Mwanza hata kama bei iko juu kidogo, kwa sababu ni vizito kurudisha na dhamana yake ni ya mkono kwa mkono. Prosesa, RAM na SSD ni vidogo na husafiri salama, basi vitafute popote penye bei nzuri. Kadi ya picha inahitaji uamuzi: ukiagiza nje, jumlisha usafiri na kodi za forodha kabla ya kufurahia bei, na uliza kwa maandishi dhamana itadaiwa nchi gani. Fungua kila kifurushi mbele ya aliyekukabidhi, au ujirekodi video unapokifungua.

Ndugu yangu ananiletea vifaa kutoka Marekani. Vitafaa kwa umeme wetu?

Vingi vitafaa, ila ikague pawa saplai. Umeme wetu ni volti 230, Hz 50. Lebo ikiandikwa 100–240 V, unabadilisha waya tu upate wa plagi ya pini tatu. Ikiandikwa 115 V pekee, usiichomeke. Ikiwa na swichi nyekundu nyuma, ihamishie 230 kabla ya jambo lolote. Monita na UPS vikaguliwe vilevile, na UPS ya Marekani iachwe hukohuko.

Nitaisafirishaje kompyuta kamili kwenda Sengerema, Geita au Ukerewe?

Ichomoe kadi ya picha, uifunge peke yake kwenye boksi lake. Kadi kubwa za leo huweza kuzidi kilo moja na nusu, na mtikisiko wa basi au wa meli huweza kuvunja tundu la madabodi. Kipoza joto kikubwa cha feni nacho kitolewe. Kasha lilazwe ubavu, madabodi ikitazama juu. Kwenye meli ya kwenda Nansio usiliweke sitaha panaporuka maji.

## Hali za pekee

Nina Dell ya ofisini niliyoinunua ikiwa imetumika. Naweza kuiwekea kadi kubwa?

Kwa kadi za ukurasa huu, hapana. Kompyuta nyingi za namna hiyo zina pawa saplai za wati 180 hadi 300, plagi zisizofuata kiwango cha kawaida, na kasha lisilo na nafasi. Tumia SSD yake kama ni ya NVMe, pamoja na kibodi na kipanya. Vingine anza upya.

Kompyuta mpya itapunguza ping yangu?

Haitapunguza. Ping ni muda wa data kusafiri hadi kwenye seva na kurudi, na seva nyingi ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Johannesburg. Kinachosaidia ni kutumia waya badala ya Wi-Fi na kuchagua seva ya karibu ndani ya gemu.

Gemu inakataa kufunguka na kutaja Secure Boot au TPM. Nifanye nini?

Mifumo kadhaa ya kuzuia udanganyifu kwenye gemu hudai vitu hivyo viwili vya usalama wa kompyuta viwashwe. Vyote vipo kwenye madabodi za leo. Viwashe kwenye BIOS. Tumia Windows 11, kwa kuwa Microsoft ilifikisha mwisho msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Nimenunua monita ya Hz 165 lakini sioni tofauti.

Fungua mipangilio ya kioo kwenye Windows ubadilishe kutoka Hz 60. Kisha hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi ya picha, na si kwenye madabodi. Kosa hili la pili huifanya kadi ghali isifanye kazi kabisa.

Nimewasha mara ya kwanza, feni zinazunguka, kioo ni cheusi.

Subiri. Mashine ya DDR5 inapowaka mara ya kwanza huipima RAM, na kwenye AM5 kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi. Ukiizima katikati itaanza upya. Zikipita dakika 15, zima, chomoa ukutani, kagua waya ya umeme ya prosesa iliyo juu kushoto mwa madabodi, kisha bakiza kijiti kimoja cha RAM kwenye tundu la pili kutoka kwenye prosesa na uwashe tena. Madabodi nyingi zina taa ndogo nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Inayobaki ikiwaka ndiyo inayokuonyesha kifaa cha kumpelekea fundi.